Wa Kupimwa Kwanza ni Popo Aliyekufa

Mei 2009, katika eneo la Ikoma kando ya Serengeti, fungo alimuuma mtoto bila kuchokozwa, na askari wa wanyamapori wakamuua. Miezi miwili baadaye, katika pango la Shimoni, pwani ya Kenya, watafiti waliokota mzoga wa popo mkubwa wa jenasi ya Hipposideros. Bongo za wanyama hao wawili zilitoa virusi viwili ambavyo sayansi haikuwa ikivijua, vyote vya jenasi ya lisavirusi, yaani ndugu wa kirusi cha kichaa cha mbwa. Kile cha Ikoma kinakaribiana na kirusi kilichopatikana kwa popo wa milima ya Kaukazi mwaka 2002. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba fungo yule alikipata kwa popo.

Hata hivyo, tukizungumzia ufuatiliaji wa popo, akili hukimbilia nyavu, sindano na damu ya popo wazima. Kazi hiyo ina heshima yake, na picha zake hupendeza kwenye ripoti. Lakini kingamwili kwenye damu husema tu kwamba popo aliwahi kukutana na kirusi cha kundi fulani. Kwa kuwa kingamwili za virusi vinavyokaribiana huingiliana kwenye vipimo, mara nyingi hazitaji ni kipi hasa. Kirusi chenyewe hukaa kwenye ubongo, na anayekuwa nacho kwa wingi ni popo mgonjwa, ambaye hawezi tena kuruka hadi wavuni. Huyo huonekana chini, kwenye sakafu ya ghala au uani kwa watu.

Kwa hiyo fedha chache tulizo nazo zianzie kwenye mizoga. Uingereza imekuwa ikipima popo waliokufa wanaopelekwa na wananchi tangu miaka ya 1980. Ni kwa njia hiyo ilijulikana kwamba kirusi kilichomuua mtu huko Scotland mwaka 2002 kinaishi nchini humo kwa popo wa Daubenton, wanaowinda juu ya maji. Kwetu ugumu ni joto. Kwenye joto la pwani mzoga wa popo huoza upesi, na siafu hawangoji afisa mifugo. Unahitajika mfuko wa plastiki juu ya mwingine, glovu, friji isiyohifadhi chakula, na mtu anayejulikana kijijini kuwa ndiye wa kupigiwa simu. Mkono mtupu usiguse popo, hata aliyekufa.

Nusu ya pili ya kazi iko maabara, na hapo ndipo tunapozembea. Kipimo cha kawaida, kile cha kingamwili zinazong'aa chini ya hadubini, huonyesha lisavirusi zote kwa rangi ileile. Sampuli ikishang'aa, faili huandikwa "kichaa cha mbwa" na kufungwa. Kama sampuli ya Ikoma isingesomwa vinasaba, fungo yule angehesabiwa pamoja na mbwa. Tofauti hiyo si ya kuwafurahisha wanasayansi: chanjo tulizonazo hukinga dhidi ya kirusi cha kichaa cha mbwa na jamaa zake wa karibu, kama Duvenhage, kilichomuua mtalii Mholanzi aliyeparuzwa na popo nchini Kenya mwaka 2007 bila kupata chanjo. Dhidi ya virusi vya Shimoni na Ikoma hatuwezi kuzitegemea. Aliyeumwa bado aoshe jeraha kwa sabuni dakika kumi na tano na achanjwe, kwa kuwa siku hiyo hakuna ajuaye ni kirusi kipi.

Wako wanaohofu kwamba habari za virusi zitawafanya watu wachome mapango. Hofu hiyo ina msingi. Baada ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, kuugua Marburg, ugonjwa wa kirusi kingine cha popo, mwaka 2007, popo waliangamizwa. Waliorudi baadaye walikutwa na maambukizi mengi kuliko wa awali, na mwaka 2012 ugonjwa ukalipuka karibu na hapo, Ibanda. Mfano huo ufundishwe pamoja na namba ya simu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mizoga huokotwa palipo na watu, hivyo popo wa misitu ya mbali hawataonekana. Ni kweli, na hapo nyavu zina kazi, ila zitegwe kwa kufuata mzoga. Shimoni ilikuwa hivyo: baada ya kirusi kupatikana kwenye ubongo mmoja, damu ya popo wa jamii ileile ilipimwa dhidi yake, kingamwili zikaonekana, na ndipo popo hao wakatajwa kuwa huenda ndio makazi yake.