Farasi Ndani ya Kanji

Kanji ya farasi, 馬, ina mistari 10, na ni miongoni mwa herufi 160 za darasa la pili katika shule za msingi za Japani. Umbo lake limepita miaka 3,000. Lilianzia China, enzi ya watawala wa Shang, waaguzi wa mfalme walipochonga maswali yao kwenye mifupa ya bega la ng'ombe na magamba ya kobe. Wasomi waliyatambua maandishi hayo mwaka 1899, na mengi yakafukuliwa karibu na mji wa Anyang. Farasi wa mifupani ni picha hasa: kichwa kirefu, manyoya ya shingoni, miguu, mkia. Amesimamishwa wima, kichwa juu na mkia chini, kwa kuwa maandishi yaliteremka katika safu nyembamba.

Brashi ndiyo iliyoigeuza picha kuwa herufi. Makarani wa enzi ya Han, walioandika kwa haraka, waliinyoosha mikunjo. Manyoya yakawa mistari ya mlalo, miguu ikawa nukta chini. Mwanafunzi wa leo huanza na mstari wa wima wa kushoto. Wa sita hupinda na kuishia kwa ndoano, kisha hufuata nukta nne, kushoto kwenda kulia.

Japani ilipata ufugaji wa farasi na maandishi kupitia rasi ya Korea. Kanji hii ikabaki na matamshi mawili makuu: "ba", lenye asili ya China, na "uma", linalohesabiwa kuwa la Kijapani.

Historia yake tamu zaidi imo barabarani. Sheria za Taihō za mwaka 701 zilitaka barabara za serikali ziwe na vituo vya farasi kila baada ya kilomita 16 hivi: farasi 20 kwa kituo cha barabara kuu, 10 kwa ya kati, 5 kwa ndogo. Tarishi alibeba kengele ya shaba yenye alama zilizoonyesha idadi ya farasi aliowastahili. Kituo hicho kiliandikwa 驛, farasi akiwa upande wa kushoto. Reli ya kwanza ya Japani ilifunguliwa mwaka 1872 kati ya Shimbashi na Yokohama, na baadaye herufi hiyohiyo ikawa jina la kituo cha treni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Japani iliifupisha 驛 kuwa 駅, lakini farasi mwenyewe hakuguswa. China ilimpunguza katika miaka ya 1950 hadi mistari mitatu, 马, na nukta zote nne zikatoweka.

Anayejifunza Kijapani asikariri 駅, wala 駐 ya maegesho ya magari, kabla mkono wake haujaizoea 馬. Shule za Japani hufuata mpangilio huohuo: 馬 darasa la pili, 駅 darasa la tatu.