Tabia Iliyogeuka Misuli

Maneno husafiri kama watu. Neno huondoka kwao na maana moja, likapita katika vinywa vya vizazi vingi, hata likafika mahali ambapo wale waliolianza wasingelitambua. Tazama neno hili moja la Kiingereza.

Waingereza wa kale, kabla Wanormani hawajaiteka nchi yao mwaka 1066, walikuwa na neno theaw. Maana yake ilikuwa desturi au mwenendo. Lilipotajwa kwa wingi, lilieleza tabia za mtu, na baadaye hasa tabia njema. Mtu aliyelelewa vizuri alisifiwa kwa neno hilo, hata kama mwili wake ulikuwa dhaifu.

Karne zikapita, na neno likawa thew. Njia ya mageuzi yake si ngumu kuifahamu. Neno lililotaja sifa njema za mtu lilianza kutaja sifa za mwili wake pia. Na katika sifa za mwili, iliyo mbele ni nguvu. Kidogo kidogo nguvu ikabaki, adabu ikasahauliwa.

William Shakespeare alilitumia kwa maana hiyo mpya katika mchezo wa Julius Caesar, uliochezwa London mwaka 1599. Huenda umeusoma mchezo huo katika tafsiri ya Kiswahili ya Julius Nyerere, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1963. Kumbuka ule usiku wa tufani, Cassius anapomnung'unikia Casca. Asema Warumi wa siku zao wana nguvu na viungo kama vya wahenga wao, lakini moyo wa baba zao umekufa. Ajabu ni kwamba neno analotajia nguvu hizo ndilo lililokuwa likitaja tabia! Yaliyowapata Warumi wake yalikuwa yamelipata neno lenyewe: mwili umebaki, moyo umetoka.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Walter Scott alilitia uhai tena katika hadithi zake. Tangu hapo limeshika maana ya misuli, nalo huonekana vitabuni kuliko kusikika midomoni.

Basi, msomaji, siku utakapokutana nalo, usiishie kwenye misuli. Chimba kidogo, nawe utaikuta tabia imelala chini yake. Kisha jiulize: watu wakikuita hodari, wanasifu kipi kati ya hivyo viwili?