Tundu la Tumboni mwa Alexis St. Martin

Watu wa kale walibishana sana juu ya kazi ya tumbo. Wengine walisema tumbo hupika chakula kwa moto wa mwili, wengine kwamba hukisaga kama jiwe la kusagia, na wengine kwamba chakula huoza tu humo ndani. Hapakuwa na njia rahisi ya kuamua, kwa maana tumbo la mtu aliye hai limefichwa. Likaja kufunuliwa kwa ajali.

Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, kaskazini mwa Marekani, watu walikusanyika katika duka la wafanya biashara wa ngozi za manyoya. Bunduki ya marisau ikafyatuka kwa bahati mbaya, ikampiga kijana mmoja mpiga makasia, mzaliwa wa Kanada, jina lake Alexis St. Martin, chini ya ziwa la kushoto. Chakula alichokula asubuhi kikawa chatoka jerahani. Akaitwa William Beaumont, daktari wa askari, naye alipomtazama alidhani hatapona. Akapona, ila jeraha halikuziba. Tumbo lilishikamana na ngozi ya nje, tundu likabaki, na baadaye utando wa ndani ukajikunja ukawa kama kifuniko, kikisukumwa kwa kidole chafunguka.

Tarehe 1 Agosti 1825, saa sita mchana, Beaumont alifunga vipande vya nyama ya ng'ombe, nyama ya nguruwe, mkate na kabichi katika uzi wa hariri, akavitia tunduni kama mvuvi atiavyo chambo. Saa saba akavuta uzi: kabichi na mkate vimekwisha nusu, nyama zi vile vile. Saa nane kabichi, mkate, nyama ya nguruwe na ile ya ng'ombe iliyochemshwa havimo tena. Siku chache baadaye akatoa maji ya tumboni, akayatia kichupani pamoja na kipande cha nyama, akakiweka katika joto lililo sawa na la mwili. Nyama ikayeyuka humo chupani, pasipo tumbo lo lote la kuisaga. Basi ikajulikana kwamba maji yale makali yenye asidi ndiyo yafanyayo kazi. Kweli, tumbo husukasuka ili kuchanganya, na kazi kubwa humalizwa katika utumbo mwembamba. Lakini ubishi ule wa kale ulikwisha. Mwaka 1833 Beaumont alipiga chapa kitabu chake, chenye majaribio zaidi ya 200.

Na mwenye tumbo je? St. Martin alikuwa maskini, hakujua kuandika. Mkataba wa mwaka 1832, wa dola 150 kwa mwaka, aliutia alama tu. Alipasua kuni, akafungwa nyuzi tumboni, akachoka. Mwaka 1825 alikwisha kwenda zake Kanada bila ruhusa, akarudi mwaka 1829. Tangu mwaka 1834 akakataa kabisa, ijapokuwa barua za kumwita zilikuja mara nyingi. Beaumont alilalamika kwamba ametoroka. Lakini, msomaji, ni nani awezaye kutoroka na tumbo lake mwenyewe?

Beaumont alikufa mwaka 1853. St. Martin aliishi na tundu lake hata mwaka 1880. Alipokufa, jamaa zake waliuacha mwili uoze kwanza katika joto la Juni, madaktari wasiutamani, kisha wakamzika katika kaburi lenye kina cha futi 8.