Pombe, Hazina na Ubaguzi: Nani Aliruhusiwa Kupika Bia Afrika Kusini?

Historia ya bia ya Afrika Kusini husimuliwa zaidi kama historia ya kiwanda. Huanzia Johannesburg ya machimbo ya dhahabu, ambako South African Breweries iliundwa mwaka 1895, na huishia pale kampuni hiyo ilipojiunga na vigogo wa biashara ya bia duniani. Masimulizi hayo hayasemi uongo, lakini yanawasahau wapishi wakongwe wa nchi hiyo, yaani wanawake. Hoja ya makala hii ni kwamba sheria za pombe zilizotungwa kwa jina la kuwakinga Waafrika na ulevi zilihamisha kipato cha wanawake hao kwenda kwenye hazina za manispaa, na kipato hicho kikagharimia ubaguzi wenyewe.

Pombe inayohusika hapa ni umqombothi, inayopikwa kwa unga wa mahindi na kimea cha mtama, ikachachushwa kwa siku chache na kuchujwa. Ni nzito, chachu, na kileo chake ni kidogo. Vijijini ilinywewa kwa pamoja katika kazi za ujima, harusi na matambiko. Mjini, mwanamke ambaye hakuwa na ajira rasmi aliipika akawauzia vibarua, akapata kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Mwaka 1908 koloni la Natal lilipitisha sheria iliyoziruhusu manispaa kuhodhi upikaji na uuzaji wa pombe hiyo. Durban ilianza mwaka uliofuata: ikafungua vilabu vyake na kuwapiga marufuku wapishi binafsi. Faida iliingizwa katika mfuko wa kuwasimamia Waafrika, uliojenga mabweni ya vibarua na kulipia utawala uliowabana. Hivyo mnywaji aligharimia mwenyewe bweni alilotengewa, na Wazungu walipa kodi wakapunguziwa mzigo. Sheria ya maeneo ya miji ya mwaka 1923 iliifungulia miji mingine njia hiyo, na utaratibu wa Durban ukaigwa hadi Nairobi.

Yapo mabishano yanayostahili kujibiwa. Wamisionari, na hata baadhi ya viongozi Waafrika Wakristo, waliupinga ulevi kwa dhati. Hata hivyo, nia ya mhubiri haithibitishi nia ya mweka hazina. Kama lengo lingekuwa kupunguza unywaji, manispaa isingeifanya bajeti yake itegemee mauzo ya pombe. Tena marufuku yenyewe ilizidisha madhara. Umqombothi huhitaji siku kadhaa na vyombo vikubwa, mambo yasiyofichika polisi wanapofanya msako. Wapishi wengi wakageukia vinywaji vya haraka na vikali kama skokiaan, vinavyoiva upesi na kufukiwa ardhini kwa urahisi.

Walioumizwa waliielewa hesabu hiyo mapema. Mwaka 1929 chama cha wafanyakazi cha ICU yase Natal mjini Durban, chini ya A. W. G. Champion, kiliunga mkono mgomo wa kususia vilabu, na mapato ya manispaa yakaporomoka. Juni 1959 wanawake wa Cato Manor, mtaa wa Durban, waliokuwa wakibomolewa nyumba huku pombe yao ikimwagwa na polisi, walivivamia vilabu, wakawatimua wanaume na kuharibu pombe iliyokuwemo. Wanafunzi wa Soweto walipoandamana mwaka 1976, vilabu na maduka ya pombe ya serikali yalikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza kuchomwa moto.

Kati ya matukio ya 1959 na 1976, yaani Agosti 1962, Waafrika waliruhusiwa kununua bia ya chupa na pombe kali. Ruhusa hiyo ya kununua haikumrudishia mama wa mtaani haki ya kupika na kuuza. Ilikipatia kiwanda soko jipya, na baa zisizo na leseni, alizoziendesha mwanamke huyo, zikawa njia ya kulifikia.

Kwa hiyo mtafiti wa sheria za pombe, iwe Durban au Nairobi, asiishie kwenye dibaji zinazotaja afya na maadili. Afuatilie leseni, faini na faida: nani anatozwa, nani anasamehewa, na fedha zinajenga nini. Kwa Durban, vitabu vya mapato vinaeleza sera ya pombe kwa ukweli zaidi kuliko hotuba za waliozitunga sheria zake.