Kutoka hali ya dharura hadi kuanguka kwa Goma: nani atatupa hesabu?

Katika mazungumzo ya hapa mtaani kuna ulizo moja ambalo halikomi: viongozi wetu walipewa nguvu zote za sheria na za silaha, sasa mbona tulifikia hapa? Ili kujibu, inafaa turudi nyuma na kufuata mambo kwa tarehe zake. Mtu asiyekuwa na tarehe anadanganywa mara mbili.

Tuanze na mwaka 2021. Raisi Félix Tshisekedi alikuwa na miaka miwili na zaidi madarakani, tangu aape tarehe 24 Januari 2019. Aliahidi amani kwa watu wa mashariki, na kwetu sisi ahadi ni deni. Tarehe 3 Mei 2021 alitia sahihi amri ya kuweka majimbo mawili, Kivu ya Kaskazini na Ituri, chini ya hali ya dharura ya kijeshi, ile ambayo kila mtu hapa anaita eta de sieje. Ilianza kazi tarehe 6 Mei. Gavana Carly Nzanzu Kasivita aliyechaguliwa na wabunge wa jimbo aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Luteni Jenerali Constant Ndima. Kule Ituri aliwekwa Luteni Jenerali Johnny Luboya. Serikali ya jimbo na bunge la jimbo zikasimama. Mameya na wakuu wa wilaya wakabadilishwa na maafisa wa jeshi na wa polisi. Hata kesi za jinai za raia wa kawaida zikapelekwa kwenye mahakama za kijeshi.

Tusisahau kwamba wengi wetu tulifurahi. Watu wa Beni walikuwa wanachinjwa tangu Oktoba 2014, Masisi na Rutshuru hazikuwa na usingizi, na hapa Karisimbi majambazi walikuwa wanaingia nyumbani usiku. Mtu mwenye kuzama anashika hata jani. Tuliambiwa ni kwa siku 30.

Hapa ndipo sheria inasema jambo ambalo raia wengi hawakuelezwa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 85, inamruhusu raisi kutangaza hali hiyo kiisha kushauriana na waziri mkuu na wakuu wa mabaraza mawili ya bunge. Kifungu cha 144 kinasema inadumu siku 30, na kisha hapo bunge linaweza kuiongeza kwa siku 15, tena 15. Lakini kifungu hichohicho kinawapa wabunge na maseneta uwezo wa kuikomesha kwa sheria wakati wowote. Na kifungu cha 61 kinasema kuna haki ambazo hazigusiki hata katika hali hiyo: haki ya kuishi, kutoteswa, kujitetea mbele ya mahakama, uhuru wa mawazo.

Basi nini kilifanyika? Siku 15 ziliongezwa, zikaongezwa, zikaongezwa, mara makumi. Katika mwaka wa kwanza huohuo, kamati ya ulinzi na usalama ya bunge la taifa iliwasikiliza mawaziri na kusema wazi kwamba kazi ilianzishwa pasipo mpango unaoeleweka. Hiyo ingetosha kusimamisha mambo na kuuliza: pesa zilienda wapi, askari wangapi wako mbele, makundi gani yameshindwa? Hata hivyo, kisha majuma mawili kura ilipigwa tena, na ikapita. Serikali iliomba, bunge likakubali, na sisi tukabaki kusikia habari kwenye redio. Ndiyo sababu siwezi kusema kosa ni la raisi peke yake. Mwenye kuweka mukono kila siku 15 naye yuko na deni lake.

Wenye kuuliza kwa sauti walilipa. Mwezi wa Novemba 2021 vijana 13 wa LUCHA, chama cha raia kilichozaliwa hapahapa Goma mwaka 2012, walikamatwa Beni kwa sababu ya kupinga kuendelea kwa hali hiyo. Tarehe 1 Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu miezi 12 ya gereza. Amri iliyowekwa kwa ajili ya wauaji ikafunga watoto wenye kubeba mabango.

Wakati huo vita vilikuwa vinarudi. M23 ilianza tena mashambulizi Novemba 2021. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilianguka, na Oktoba ya mwaka huo Kiwanja na Rutshuru. Watu wakajaa Kanyaruchinya, kisha Bulengo, Lushagala, Rusayo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ripoti kwa ripoti kwamba jeshi la Rwanda linasaidia M23 kwa watu na kwa silaha. Hiyo ni kweli na lazima isemwe: mwenye kuvuka mpaka na bunduki ana hesabu yake ya kutoa. Lakini adui wa inje hamuondolei kiongozi wa ndani wajibu wake. Ukiweka mlinzi kwenye mlango, mwizi akaingia, utamlaumu mwizi. Kisha hapo utamuita mlinzi umuulize alikuwa wapi. Sisi tulikuwa na jenerali kama gavana, tulikuwa na majeshi ya Afrika ya Mashariki kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023, kisha majeshi ya SADC, tulikuwa na MONUSCO, na hata wazungu wa kulipwa. Ni nani alieleza raia kila mmoja alikuja kufanya nini, na kwa masharti gani?

Tufike tarehe 30 Agosti 2023. Asubuhi hiyo, hapa mjini, wafuasi wa kanisa moja waliotaka kuandamana juu ya MONUSCO walipigwa risasi na askari wa Garde Républicaine, jeshi lenye kumlinda raisi. Serikali yenyewe ilikubali hesabu ya wafu zaidi ya 50. Familia nyingi zilitafuta maiti kwa siku nyingi. Mara hii kesi ilifanyika upesi, mbele ya watu, hapa Goma. Askari sita walisimama mbele ya mahakama. Tarehe 2 Oktoba Kanali Mike Mikombe alihukumiwa kifo, watatu wakapewa miaka 10, wawili wakaachiliwa. Jenerali Ndima aliitwa Kinshasa, na Jenerali Peter Cirimwami akachukua nafasi yake.

Tukubali kwamba kesi ile ilikuwa hatua, sababu mara nyingi hatuoni hata hiyo. Lakini angalia ilipoishia. Ilimuuliza mwenye kupiga risasi. Mwenye kutawala jimbo hakuwa kati ya washitakiwa, aliondolewa tu. Kubadilisha mtu na kumuomba hesabu ni mambo mawili, na viongozi wetu wamezoea kutupa la kwanza ili tusahau la pili.

Desturi hii haikuanza na Tshisekedi. Wazee wanakumbuka vita vya Masisi na Walikale mwaka 1993, wakati wa Mobutu. Tarehe 20 Novemba 2012, chini ya Joseph Kabila, M23 iliingia Goma mara ya kwanza na kukaa hadi tarehe 1 Desemba. Askari wa serikali waliokimbia kuelekea Minova walibaka wanawake huko. Kesi ilifanyika Goma, washitakiwa 39, na hukumu ya Mei 2014 ilikuta wawili tu na hatia ya ubakaji. Mkuu wa jeshi la inchi kavu, Jenerali Gabriel Amisi, alisimamishwa siku mbili kisha mji kuanguka, halafu mwaka 2014 akapewa tena cheo kikubwa. Kama mwaka 2012 ungehesabiwa vizuri, labda tungekuwa tayari kwa 2025.

Mwaka 2023 kulikuwa na nafasi nyingine. Mwezi wa Agosti serikali iliita mkutano Kinshasa kupima hali ya dharura, na wajumbe wengi wa majimbo yetu mawili waliomba iondolewe. Tarehe 12 Oktoba raisi alitangaza kuilegeza polepole. Mkuu wa jimbo alibaki mwanajeshi. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura, sababu ya vita. Fikirini jambo hili: watu walioteseka zaidi chini ya uamuzi ule ndio waliokosa sanduku la kura la kusema ndiyo ao hapana. Raisi alipata muhula wa pili kwa zaidi ya asilimia 70, lakini mama wa Kitshanga aliyekuwa chini ya hema Bulengo hakuulizwa.

Mwisho mnaujua, mliuona kwa macho. Tarehe 3 Mei 2024 bomu zilianguka kwenye kambi za Mugunga na kuua wakimbizi. Januari 2025 Jenerali Cirimwami alijeruhiwa mbele ya adui na kufa. Tarehe 27 Januari mji uliingia mikononi mwa AFC/M23. Gereza la Munzenze lilifunguka, na kufuatana na Umoja wa Mataifa wanawake zaidi ya 160 waliokuwa ndani walibakwa, wengi wakafia motoni. Wazungu wa kulipwa kutoka Romania, zaidi ya 280, walipita mpaka kwenda Rwanda mchana kweupe. Benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga. Februari, kambi zikavunjwa, na nyinyi mkaambiwa rudini nyumbani, hata wale ambao nyumba haiko tena.

Ni kweli, leo mapatano yanatiwa sahihi mbali: Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda, Doha tarehe 19 Julai kati ya Kinshasa na AFC/M23. Amani tunaitaka kuliko mtu yeyote. Lakini mapatano ya wakubwa yana tabia ya kufuta madaftari ya wadogo. Na wenye kushika mji leo wasifikiri kwamba makosa ya Kinshasa ni cheti chao. Ulizo ni lilelile kwa kila mwenye kutawala: watu wangapi wamekufa mikononi mwako, kodi inaenda wapi, nani alikupa ruhusa?

Kuna kazi ambayo hakuna anayeweza kutukataza: kukumbuka kwa hesabu. Kila familia iandike: kijiji ulichoondoka, tarehe, shamba, ngombe, jina la aliyekufa na mahali alipozikwa, jina la mtoto aliyepotea. Tunzeni kile kikaratasi cha kambi hata kama kambi haiko tena. Wapeni nakala jamaa zenu wenye kuwa mbali. Siku mahakama ao bunge litakapofungua faili hii, mtu asiye na karatasi ataambiwa hakuwepo.

Siku ile pia, maulizo yetu yawe mafupi. Kwa raisi: siku 30 zilikuwaje miaka? Kwa wabunge: mlisoma nini kabla ya kupiga kura kila majuma mawili? Kwa majenerali: silaha na mishahara ya askari vilifika wapi? Hatuombi huruma. Tunaomba jibu, na jibu ni deni.