Gulyás: mchuzi wa wachunga ng'ombe na mdomo uliojaa

Nimekuwa kimya kidogo. Kazi za chumba cha habari mnazijua, ukimaliza habari za watu hubaki na nguvu ya kuandika zako. Leo nimejilazimisha, maana kuna jambo linanikera moyoni na limekuja kupitia jikoni.

Wiki mbili zilizopita nilitumwa kwenye hafla ya mradi mmoja wa maji. Mradi wenyewe sitautaja. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika swali moja tu: visima viwili vilivyolipiwa mwaka jana viko wapi? Hotuba zikaisha, tukaambiwa maswali baada ya chakula. Chakula chenyewe pilau, kuku, kachumbari, soda baridi. Baada ya chakula ikapita karatasi ya kusaini "nauli". Nikasaini. Wageni wakaondoka, na swali likabaki kwenye daftari. Kesho yake habari yangu ikatoka ukurasa wa tano, nzuri, imejaa sifa. Visima havimo.

Jumamosi nikaamua kupika ili nisifikirie. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa Hungary kimasomo aliniletea pakiti ya paprika, ile pilipili nyekundu ya unga isiyowasha sana, na maelekezo ya kupika mchuzi wao wenye madonge ya unga. Wanauita gulyás, tamka "guyashi". Nikampigia mama simu kumuuliza ninunue nyama ipi. "Nunua ya shingo, baba, na usiwe na haraka na moto." Basi nikaanza kupika, na huku sufuria likichemka nikawa nasoma historia ya hiki chakula. Nilichokikuta ndicho kimenirudisha kwenye lile pilau.

Neno gulyás maana yake ni mchunga ng'ombe. Gulya ni kundi la ng'ombe. Kwa hiyo ukisema gulyás unasema chakula cha mchunga ng'ombe. Hungary ya mashariki ni uwanda mpana, na huko wachungaji (si wa kanisani!) waliishi miezi mingi nje na mifugo. Ng'ombe wao ni wa kijivu, wenye pembe ndefu, na kati ya karne ya 15 na ya 17 walikuwa wakiswagwa kwa miguu maelfu kwa maelfu hadi kwenye masoko ya Vienna, Venice na miji ya Ujerumani. Wachungaji walipika nyama, kitunguu na mafuta ya nguruwe kwenye chungu cha chuma kilichoning'inizwa juu ya moto. Chungu kimoja, kila mtu na kijiko chake. Kilikuwa chakula cha watu wa chini kabisa.

Na ile rangi nyekundu? Hiyo ilikuja baadaye, na asili yake si Hungary. Pilipili ni mmea wa Amerika. Ulivuka bahari baada ya safari za Columbus, na ukafika Hungary wakati sehemu kubwa ya nchi ilikuwa chini ya Waturuki, waliokaa Buda tangu 1541 hadi 1686. Wakulima waliitumia kwa muda mrefu kabla mabwana hawajaigusa. Msishangae sana. Hata mahindi ya ugali wetu yalitoka Amerika hiyo hiyo, na leo tunaapa nayo kana kwamba yaliota Kibaigwa siku ya uumbaji.

Sasa siasa inaingia sufuriani. Mwaka 1784 Mfalme Joseph II, aliyetawala kutoka Vienna, aliagiza Kijerumani kiwe lugha ya ofisi za serikali Hungary. Mwaka huo huo taji la Hungary likahamishiwa Vienna. Akataka pia ardhi ipimwe ili wakubwa nao walipe kodi. Wakubwa wakawaka. Wakaanza kuvaa mavazi ya kienyeji, kucheza ngoma za kienyeji, na kuweka gulyás mezani. Chakula ambacho jana kilikuwa cha mtu anayelala na ng'ombe, leo kikawa bendera ya taifa. Joseph alifuta sehemu kubwa ya amri zake mwaka 1790, muda mfupi kabla ya kufa.

Lakini tazameni kitu kimoja hapo. Wakubwa walichukua chakula cha mchunga ng'ombe na kumwachia shida zake. Misamaha yao ya kodi waliitetea kwa nguvu ile ile waliyoitetea lugha. Wakulima walibaki watwana wa mabwana wao, na utwana haukufutwa mpaka mwaka 1848. Zaidi ya nusu karne taifa lilikula gulyás huku wenye gulyás wakiwa chini ya mtu.

Ngoja nigeuze nyama. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo andikeni. Kaanga vitunguu vitatu taratibu mpaka vilegee, tia kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande, igeuze mpaka ibadilike rangi. Halafu epua sufuria kabla ya kutia vijiko viwili vya paprika. Paprika ina sukari ndani yake, ikikutana na mafuta ya moto mkali inaungua na kuwa chungu. Koroga, tia maji, rudisha motoni. Weka chumvi, kitunguu saumu, kisibiti kidogo, kisha uiache ichemke polepole saa moja na nusu au zaidi. Nyama ikikaribia kuiva ndipo unatia karoti, viazi, nyanya moja na hoho.

Turudi kwenye historia. Oktoba 23, 1956 watu wa Budapest waliingia barabarani kudai uhuru zaidi. Waziri Mkuu Imre Nagy akasimama nao. Novemba 4 vifaru vya Kisovieti vikaingia kuzima. Wahungari wapatao 2,500 walikufa na wengine kama 200,000 wakakimbia nchi. Aliyewekwa madarakani ni János Kádár, ambaye siku chache tu kabla alikuwa waziri ndani ya serikali ya huyo huyo Nagy.

Miaka ya kwanza Kádár alinyonga na kufunga. Kisha akabadili mbinu. Mwaka 1963 akatoa msamaha kwa wafungwa wengi, na mwaka 1968 akaanzisha mageuzi ya uchumi. Nyama ikaonekana madukani, watu wakapata friji, wengine magari, wakaishi vizuri kuliko majirani zao wengi. Dunia ikauita utawala ule "ukomunisti wa gulyás". Masharti yake hayakuandikwa popote lakini kila mtu aliyajua: kula, fanya kazi, pumzika ziwani wakati wa kiangazi, ila usiulize kuhusu 1956. Kazi za uandishi na sanaa ziligawanywa mafungu matatu: zinazosaidiwa, zinazovumiliwa na zinazokatazwa. Mwaka 1956 wenyewe ulikuwa na jina rasmi, "mapinduzi ya kupinga mapinduzi", na hakuna gazeti la ndani lililoruhusiwa kuuita mapinduzi.

Nisiwe mnafiki. Mtu aliyewahi kulala njaa hawezi kudharau nyama sufuriani. Wahungari wengi waliolea watoto wakati ule wanaukumbuka kwa upendo, na siwalaumu. Shibe ni kitu cha kweli. Nilichokuwa nakitafuta mimi ni bei yake.

Bei hiyo nimeiona kwa mtu mmoja, na alikuwa wa kazi yetu. Miklós Gimes alikuwa mwandishi wa habari. Alianza akiwa mkomunisti wa kweli, akaandikia gazeti la chama. Baadaye akaanza kuuliza, na chama kikamfukuza mwaka 1955. Vifaru vilipoingia mwaka uliofuata, wenzake wengi walinyamaza au kukimbia. Yeye alibaki Budapest akawa anatoa gazeti la siri, likiitwa kwa tarehe tu: Oktoba Ishirini na Tatu. Walimkamata Desemba 1956. Juni 16, 1958 alinyongwa siku moja na Imre Nagy na Jenerali Pál Maléter. Alikuwa na miaka 40.

Kwa miaka thelathini na moja nchi iliyokuwa inakula vizuri haikuruhusiwa kuwazika kwa heshima. Walizikwa upya Juni 16, 1989, umati mkubwa umejaa Uwanja wa Mashujaa. Siku ishirini baadaye, Julai 6, Mahakama Kuu ilifuta hukumu ya Nagy. Asubuhi hiyo hiyo János Kádár alifariki.

Niliposoma hapo nikaenda kutengeneza madonge ili mikono iwe na kazi. Yanaitwa csipetke, kutokana na neno la kufinya. Yai moja, unga wa ngano kiasi cha gramu mia, chumvi, bila maji. Kanda mpaka donge liwe gumu, liache lipumzike, kisha finya vipande vidogo kama ukucha na udondoshe kwenye mchuzi unaochemka. Vikipanda juu, subiri dakika chache, vimeiva. Ukiwa mtu wa Pwani fikiria vipopoo, ila hivi havina nazi wala sukari.

Tukala watu wanne kwenye mkeka. Mchuzi wenyewe ni mwepesi, mwekundu, mtamu, unakunywa huku unatafuna. Mmoja akauliza mbona nimekaa kimya. Nikakumbuka tulivyofundishwa utotoni wote, kwamba mtoto mwenye adabu haongei akiwa na chakula mdomoni. Ni adabu nzuri mezani kwa mama yako. Ukiwa mwandishi na unaletwa mezani na mtu unayepaswa kumhoji, hiyo adabu ndiyo anayoitegemea.

Gimes alikabiliwa na kamba. Mimi nilikabiliwa na pilau. Hata kulinganisha ni aibu, najua. Lakini yeye aliuliza.

Jumatatu niliirudisha ile nauli. Mhasibu wao alinitazama kama kichaa, akaniambia, "Kaka, hakuna sehemu ya kuandika hela iliyorudi." Kisha nikampigia simu msemaji wa mradi nikamuuliza visima viwili viko wapi. Akasema atanipigia. Hajapiga. Kesho naenda mwenyewe huko kijijini, na chakula nabeba cha kwangu. Mchuzi umebaki kidogo.

Haya, tuonane nikirudi.