Timilifu na Wakati Uliopita katika Kiingereza

Timilifu na wakati uliopita ni maumbo mawili ya kitenzi cha Kiingereza yanayohusu mambo yaliyokwisha kutendeka. Timilifu huundwa kwa kitenzi kisaidizi "have" au "has" pamoja na umbo la tatu la kitenzi kikuu ("have gone"). Wakati uliopita hutumia umbo la pili peke yake ("went"). Kuchagua kati yake huwatatiza hata wahitimu wa vyuo.

Asili

Timilifu ilitokana na kitenzi cha kumiliki: mtu alikuwa "na" kitu kilichokwisha kutendwa. Vitenzi vya mwendo vilitumia "be" ("he is come") hadi matumizi hayo yalipofifia katika karne ya 19.

Kanuni

Anayesema "I have lost my key" bado anautafuta ufunguo. "I lost my key" husimulia tukio tu. Huenda ufunguo uko mfukoni tayari. Kielezi kinachofunga wakati, kama "yesterday", huikataa timilifu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, "won the Nobel Prize in 2021". Mwaka ukiondolewa, "has won" inafaa kabisa. Yeye yu hai, hivyo "has written many novels". Mwandishi Shaaban Robert, aliyefariki 1962, "wrote". Hali inayoendelea tangu zamani nayo hudai timilifu: "I have known him since 2010".

Ulinganisho na Kiswahili

Walimu hufundisha kwamba -li- ni wakati uliopita na -me- ni timilifu. Ulinganisho huo ni mwepesi mno, na ndio unaozaa makosa mengi. Kwanza, -me- haiogopi kielezi: "amefariki jana" ni Kiswahili cha kila siku, lakini Kiingereza hudai "he died yesterday". Pili, kwa vitenzi kadhaa -me- hutaja hali iliyopo. "Amelala" ni "he is asleep", "amesimama" ni "he is standing", "amevaa kanzu" ni "he is wearing a kanzu". Anayetafsiri "he has worn a kanzu" amesema jambo jingine kabisa. Tatu, palipo na "tangu", Kiswahili huridhika na wakati uliopo: "namfahamu tangu 2010". Ndiyo asili ya "I know him since 2010", kosa sugu. Msaada wa kweli uko kwenye -ja-: "sijala" hulingana vizuri na "I haven't eaten yet".

Wanaotoka kwenye Kifaransa, kama huko Kongo na Burundi, wana mtego wao: timilifu ya Kifaransa hukubali "jana" bila shida.

Marekani

Wamarekani husema "I just ate" na "did you eat yet?" pale Waingereza wanapopendelea timilifu. Shule za Kenya na Tanzania hufuata Kiingereza cha Uingereza.